Kutwa mara tatu: msomi wa chuo na bahasha ya dawa

Mpwa wangu anasoma uhandisi, mwaka wa pili. Usiku mmoja alinipigia saa nne, sauti imekauka kwa homa. Jioni ile alikuwa amepima malaria kwenye zahanati ya jirani na chuo, ikaonekana, akapewa dawa mseto pamoja na bahasha iliyoandikwa kwa kalamu: 4×2×3, yaani vidonge vinne, mara mbili kwa siku, siku tatu.

"Shikamoo mjomba. Nimezidisha nimepata 24, na vidonge viko 24. Sasa vinne vya pili ninywe kesho asubuhi saa ngapi?"

Hesabu yake ilikuwa sawasawa. Ila dozi ya pili ya mseto haingoji kesho asubuhi. Inanywewa masaa manane baada ya ile ya kwanza, na yeye ya kwanza alikuwa ameinywa saa kumi na moja jioni, kwa hiyo alitakiwa kuamka saa saba usiku. Ya tatu ingefuata saa kumi na moja jioni ya siku ya pili, kisha zilizobaki kila baada ya masaa kumi na mawili. Dozi ya pili inawahishwa kwa makusudi, ili dawa ijae mwilini wakati vimelea bado ni vingi. Na zote zinakwenda na chakula chenye mafuta kidogo, hata glasi ya maziwa, kwa sababu moja kati ya dawa mbili zilizochanganywa mle haiingii vizuri kwenye damu tumbo likiwa tupu. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwemo kwenye 4×2×3.

Nasimulia kisa hiki kwa sababu kila mjadala unapozuka mitandaoni kuhusu wanafunzi wa vyuo wanaomeza P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, kama pipi, au wanaozunguka na "UTI sugu" muhula mzima, maoni huwa yale yale: "Na usomi wote huo!" Tunashangaa kwa kuwa tunadhani aliyesoma sana ndiye anayejua kujitunza. Vitu hivyo viwili ni ndugu, lakini si mapacha.

Mvua na maji ya kukinga

Tutenganishe maneno kwanza, maana hapa ndipo wengi wanapojichanganya. Elimu ya afya ni kile kinachotolewa: bango la ukutani, semina ya wiki ya kwanza chuoni, kipindi cha redio. Uelewa wa afya ni kile unachobaki nacho na unachoweza kukifanyia kazi siku umeugua. Mvua inatunyeshea sote, ila maji ya kunywa kesho ni yale uliyoyakinga. Mwenye tangi hukinga mengi, mwenye ndoo iliyotoboka akaamka na tope, na hatuwezi kumlaumu kwamba mvua haikumnyeshea.

Neno hili la uelewa wa afya si la jana. Mwaka 1974 Mmarekani Scott Simonds aliandika akitaka shule ziwe na kiwango cha chini cha uelewa wa afya ambacho kila mtoto akifikie, kama ilivyo kwa kusoma na kuhesabu. Fasili zikazidi kuongezeka hadi mwaka 2012, watafiti wa Ulaya walipozikusanya na kubaki na vitenzi vinne: kupata taarifa, kuielewa, kuipima, kuitumia. Vinne hivyo vinatutosha.

Chukua msichana wa mwaka wa kwanza ambaye kondomu imepasuka Ijumaa usiku. Kupata kwake ni rahisi, kila mwenzake bwenini anajua P2 inauzwa wapi. Kuelewa ni kujua kwamba dawa hiyo inachelewesha yai kutoka, ndiyo maana inatakiwa ndani ya masaa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo inavyofanya kazi zaidi. Mimba iliyokwisha kutunga, haitoi. Kupima kunaanza pale mwenzake wa chumba anapomwambia "inaharibu kizazi", na video moja kwenye simu inapomwambia anywe maji ya chumvi badala yake. (P2 haiharibu uwezo wa kuzaa baadaye, na maji ya chumvi hayazuii mimba. Kuirudiarudia kila wiki kunavuruga mzunguko wa hedhi, na inakinga kidogo kuliko sindano, kijiti au vidonge vya kila siku. Ndiyo maana inaitwa ya dharura.) Kutumia ni habari nyingine kabisa: ana hela? Anaweza kuitamka P2 mbele ya kaka watatu wanaosubiri vocha dukani? Na je, amekumbuka kwamba P2 haizuii virusi vya UKIMWI? Kinga ya dharura ya VVU nayo huanzwa ndani ya masaa 72, ila hiyo inatolewa kwenye kituo cha afya na humezwa siku 28. Saa inayohesabiwa ni ileile, milango ni miwili.

Ukitazama, shule imemsaidia kwenye kitenzi cha pili tu, na hata hapo nusunusu.

Mtihani wa aiskrimu

Kuna kipimo maarufu cha uelewa wa afya kilichotungwa Marekani mwaka 2005. Unapewa karatasi ya maelezo ya nyuma ya kopo la aiskrimu, halafu unaulizwa maswali sita. Moja linasema: ukila kopo zima, umekula kalori ngapi? Karatasi inasema 250, lakini hizo ni za sehemu moja, na kopo lina sehemu nne. Jibu ni 1,000. Swali jingine linahusu mtu mwenye mzio wa karanga: je, aiskrimu hii ni salama kwake? Neno karanga halipo waziwazi kwenye jina la bidhaa, lipo kwenye orodha ya viambato, ndani ya "mafuta ya karanga".

Jaribu la kwetu. Chukua chupa ya soda ya mililita 500 iliyoandikwa gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100. Chupa nzima ni gramu 50, na kijiko cha chai hubeba gramu nne hivi. Umekunywa vijiko kumi na viwili vya sukari, na umeshafikia kikomo ambacho Shirika la Afya Duniani linamwekea mtu mzima kwa siku, kabla hujagusa chai ya asubuhi. Hesabu hii haimshindi mtu aliyepita kidato cha pili. Kinachomshinda ni kwamba hakuna aliyewahi kumgeuzia chupa.

Na jambo hili halitokani na umaskini peke yake. Utafiti uliofanyika mwaka 2011 kwenye nchi nane za Ulaya, zikiwemo Ujerumani, Uholanzi na Hispania, ulikuta karibu nusu ya watu, asilimia 47, wana uelewa wa afya usiotosheleza. Nchi zenye maktaba kila mtaa hizo.

UTI ya choo cha hosteli

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu UTI ndiyo ugonjwa wa chuo. Muulize mwanafunzi yeyote wa kike, atakwambia imetoka kwenye vyoo vya hosteli.

Ukweli una pande mbili. Wadudu wanaosababisha maambukizi ya njia ya mkojo kwa kawaida ni bakteria wa utumbo wako mwenyewe, waliosafiri safari fupi kutoka nyuma kwenda mbele. Mwanamke anaathirika zaidi kwa sababu njia yake ya mkojo ni fupi na iko jirani na njia ya haja kubwa. Choo chenyewe hakikurukii. Lakini choo kichafu kina hatia yake kwa mlango wa nyuma: ukikikimbia, unabana mkojo kuanzia kipindi cha asubuhi mpaka jioni, na ili usihitaji kwenda unaacha kunywa maji. Mkojo uliotuama muda mrefu ni bwawa, na bwawa huzaa. Kwa hiyo dada anayelalamikia choo amekosea njia ya ugonjwa, ila kumlaumu mwenye choo hajakosea.

Sasa anaenda kupima. Anapewa kikopo, anaambiwa "kalete mkojo", basi. Hakuna aliyemwambia ajisafishe kwanza, aachie mkojo wa mwanzo uende, akinge wa katikati, asiguse ndani ya kikopo. Anakinga wa mwanzo, umebeba uchafu wa ngozi na ute wa kawaida wa ukeni. Majibu yanarudi na chembechembe nyingi, anaandikiwa antibayotiki. Mwezi ujao na unaofuata anarudia vilevile, yanarudi vilevile. Jina linazaliwa: UTI sugu. Inawezekana mara mbili kati ya hizo tatu hakuwa na ugonjwa wowote, alikuwa na kikopo kilichokingwa vibaya. Kosa hili tunaliandika kwenye akaunti ya nani? Mimi siliandiki kwa mwanafunzi.

Kuna jingine ambalo watu hawapendi kulisema. UTI imekuwa shuka la kufunikia. Kisonono, kaswende na klamidia ni majina ya aibu, UTI halina aibu, unalitaja hata mbele ya shangazi. Kwa hiyo kijana anayetokwa na usaha kwenye uume anasema ana UTI, mwenye duka anampa dawa ya UTI, na mwenzi wake hatibiwi, kwa sababu UTI si kitu ambacho mtu anamwambia mwenzi wake. Usaha kwa kijana wa kiume mara nyingi ni ugonjwa wa zinaa, na unatibiwa wawili. Hapa uelewa wa afya haukuzuiwa na ujinga, umezuiwa na haya. Semina ya wiki ya kwanza haigusi haya.

Pacha wa UTI ni taifodi. Kipimo kinachotumika sana vichochoroni ni cha Widal, kilichogunduliwa mwaka 1896, na majibu yake huja na namba kama 1:160. Mwanafunzi anayaona, anapiga picha, anatangaza kwenye kundi la WhatsApp. Tatizo ni kwamba kipimo hiki hakimtafuti mdudu mwenyewe, kinatafuta nyayo zake, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza kupambana naye. Nyayo hubaki mchangani miezi mingi baada ya mwizi kuondoka. Tena wako wadudu wengine wanaovaa ndala za saizi ileile. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara, nacho kinachukua siku kadhaa na hakipo kila kona. Mtu akikwambia amepimwa taifodi mara nne mwaka huu na zote zimeonekana, muulize walitumia kipimo gani.

Nani anaijaza ndoo

Wanaopima wanafunzi wa vyuo katika nchi mbalimbali wanarudi na orodha zinazofanana: fani anayosoma, elimu ya wazazi, kipato cha nyumbani, mwaka wa masomo, jinsia, anakopata taarifa. Ni kweli wa fani za afya huwa mbele. Ila msijidanganye kwamba ndio wanaojitunza. Wanafunzi wa udaktari na uuguzi ni mabingwa wa kujiandikia dawa wenyewe, na kuwaandikia chumba kizima.

Kwa macho yangu, kinachozidi vyote ni mama. Mpaka anamaliza kidato cha sita, mtoto wa Kitanzania hajawahi kuugua peke yake. Mama ndiye aliyegundua joto kwa mgongo wa mkono, akajua zahanati ipi, akasimama foleni, akaeleza dalili, akapokea maelezo, akaamsha mtoto saa nane za usiku ameze kidonge. Vitenzi vyote vinne vilikuwa vya mama. Akifika chuoni, mfumo mzima wa afya aliouzoea umebaki nyumbani, na nafasi yake imechukuliwa na mwenzake wa chumba mwenye umri uleule na ujasiri mwingi. Ndiyo maana mtoto ambaye nyumbani walizungumza magonjwa mezani, waziwazi, anafika amekinga maji mengi kuliko wa nyumba ambayo ugonjwa ulikuwa mnong'ono.

La pili ni lugha, na hili ni letu hasa. Anasoma msingi kwa Kiswahili, kuanzia sekondari anahamia Kiingereza. Anaweza kuchora moyo na kuandika majina ya vyumba vyake kwa Kiingereza cha mtihani, lakini anaumwa kwa Kiswahili. Karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa iko kwa Kiingereza cha wanasheria. Akiingia kwa daktari anasema "tumbo", na tumbo kwa Kiswahili cha adabu ni kuanzia chini ya kifua hadi kule kusikotajwa.

Na Kiswahili chenyewe kina mitego. "Kutwa mara tatu" kila mtu anaijua, lakini kutwa ni jua kuchomoza hadi kuzama. Anayeifuata neno kwa neno atameza tatu kabla ya magharibi, halafu usiku mrefu bila dawa. Ukimwambia "kila saa nane", anaweza kusikia saa nane ya kwenye ukuta: saa nane ya mchana na saa nane ya usiku. Dozi ya mara tatu imekuwa ya mara mbili. Wahariri wetu wanachukia neno "masaa", wanasema wingi wa saa ni saa. Kwenye karatasi wana haki. Dukani mimi nilisema masaa manane na nitaendelea kusema.

Nasema dukani kwa kuwa niliuza dawa miaka kadhaa, kwenye duka la dawa muhimu, yale yaliyoanza Ruvuma mwaka 2003 ili vijiji na mitaa ipate mtoa dawa aliyefundishwa. Jirani yetu kulikuwa na chuo. Nilijua ni lini bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, limetoka kwa kuangalia nani ananunua dozi nzima na nani ananunua vidonge vinne vya amoksilini vya kuanzia. Aliyenunua vinne alikuwa anajua kabisa dozi inatakiwa imalizwe. Ungempima kwa maswali angefaulu. Nusu dozi ilikuwa ni mfuko wake unaozungumza, na bakteria walionusurika hawaulizi sababu. Wengine walikuwa na kadi ya bima, kwa miaka mingi mchango wa mwanafunzi kwenye NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, ila hawakujua kituo gani kinaipokea wala kwamba kumwona daktari kungewagharimu kidogo kuliko vidonge vyangu. Kujua mlango wa kuingilia nako ni uelewa wa afya.

Na simu? Simu inajaza ndoo haraka sana, swali ni maji gani. Tangu mwaka 2006 kuna dodoso la maswali manane linalopima uelewa wa afya wa mtandaoni, na vijana huwa wanajipa alama nzuri, kwani linauliza unajiona unaweza kiasi gani. Kujiona ni jambo moja. Kigezo changu kimoja rahisi: angalia video inaishaje. Ikiisha kwa "nipigie upate dozi kamili", hukuwa unafundishwa, ulikuwa sokoni. Na dawa inayotibu magonjwa thelathini haijui hata moja kati ya hayo kwa jina.

Upande wa pili wa dirisha

Tunazungumza kana kwamba uelewa wa afya ni mali ya mgonjwa peke yake. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha majaribio waliyofanya kwa wagonjwa 395, wakawapa chupa za dawa wasome maelekezo. Moja ilisema meza vidonge viwili, mara mbili kwa siku. Kati ya wasomaji dhaifu, asilimia 71 waliweza kuyarudia maneno hayo vizuri. Walipoambiwa waoneshe kwa mkono ni vidonge vingapi watameza kwa siku nzima, waliotoa vinne walikuwa asilimia 35. Wengi wangeitikia "nimeelewa" na kuondoka.

Hicho "umeelewa?" ndicho kinachotuponza. Hakuna Mtanzania anayemjibu muuguzi mwenye haraka kwamba hajaelewa, sembuse mwanafunzi wa chuo anayetarajiwa kuelewa. Njia inayofaa ni kumwambia "hebu nieleze utakavyokwenda kuinywa", kisha unyamaze. Inachukua dakika moja. Mimi mwenyewe nimeandika 1×3×5 kwenye bahasha zisizo na idadi, na dakika hiyo sikuitoa mara nyingi, foleni ikinisukuma. Ningemlaumuje yule aliyemwandikia mpwa wangu?

Kijana alipona. Miezi baadaye aling'olewa jino, akanitumia picha ya bahasha nyingine. Juu ilikuwa 1×3×5 kama kawaida. Chini yake, kwa mwandiko uleule lakini wenye kukasirika kidogo: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Na ujumbe wake: "Mjomba, nilimwomba aniandikie saa. Alinuna, ila aliandika."